Nimenunua boti ya mbao ya zamani, futi 21, na mashine ya farasi 15: niliyoyakuta na linalonisumbua

#1 · Kibua Mkavu

Wakuu, habari za jioni.

Humu kuna nyuzi nyingi za watu wanaotaka kuingia kwenye uvuvi, na karibu zote zinaishia kwenye swali moja: kwa mwezi unaingiza shilingi ngapi? Huu si uzi wa namna hiyo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko huku kati ya Pangani na Tanga, na tangu mwezi wa tatu ninamiliki boti ya mbao ambayo ilishaanza kwenda baharini nikiwa bado navaa kaptula za shule. Nitaandika nilichokikuta na nilikokosea, halafu mwisho nina swali la mashine. Wenye haraka waruke waende huko chini.

Niliinunua Kigombe. Mzee mwenyewe ameacha bahari kwa sababu ya macho, wanawe wote wako Dar na hakuna aliyeitaka. Alianzia milioni tatu na nusu pamoja na mashine, tukamalizana kwa milioni mbili na laki nane, akaniongezea na jarife mbili chakavu (nyavu za kutega papa). Siku naiona ilikuwa imetoka kupakwa rangi, bluu na nyeupe, macho yamechorwa omoni kule mbele, inang'aa kama bibi harusi. Kosa langu la kwanza hilo. Rangi mpya kwenye chombo cha zamani ni kanzu ya Idi juu ya fulana iliyotoboka. Mzee hakunidanganya, maana sikumuuliza kitu! Niliizunguka mara mbili, nikapiga picha, nikatoa hela.

Wiki mbili za kwanza tulikuwa tunafua maji kwa upo mara moja kwa safari. Wiki ya tatu ikawa kila nusu saa. Siku moja tumetega mishipi nje kidogo ya mwamba, kijana wangu akaniambia, "Mwalimu, ndala yako inaelea." Nikatazama chini, kweli, ndala inazunguka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, kama ina safari zake.

Tukaipandisha pwani, nikakwangua rangi mwenyewe kwa kipande cha chupa. Chini ya rangi nikakuta ubao wa pili kutoka mkukuni (ule uti wa mti wa chini ya boti), upande wa kulia, kila msumari umezungukwa na duara jeusi, na ukikandamiza kwa kidole gumba unabonyea. Mataruma mawili ya katikati, yaani mbavu za boti, yamepasuka. Mishono imezibwa kwa kila kitu alichowahi kukishika binadamu: pamba, nailoni, mpira wa baiskeli, hata kipande cha kanga.

Kibaya zaidi kilikuwa ubao wa tezi, pale inapokaa mashine. Fundi aliupiga nyundo kuanzia pembeni: ngo, ngo, ngo. Alipofika katikati ukajibu "bu". Akatoboa kwa keekee, kilichotoka si unga wa mbao, ni kitu kama ugali wa jana uliomwagiwa chai. Nje zilikuwa mbao mbili nzuri, katikati mtu aliwahi kuchomeka plaiwudi ya kawaida, na maji yalikuwa yanaingia kupitia matundu ya bolti za mashine. Miaka mingapi sijui. Nilikuwa naenda maji makuu na mashine ya kilo arobaini imeshikiliwa na rangi.

Tumebadilisha ubao wa tezi (mninga, inchi mbili), ubao ule mmoja na mataruma mawili. Bado kalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba. Na hapo ndipo nina maswali mawili:

La kwanza, kuna mtu ananishauri nisipoteze muda na pamba, nifunike boti yote kwa faiba nje, "utasahau maji maisha". Mnaonaje?

La pili, mashine. Ni ya 15, tu-stroki, ya kuchanganya oili. Inawaka kwa mvuto wa pili, inakwenda vizuri dakika kumi, kumi na tano, halafu inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, inazima. Nikisubiri kidogo inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Nimebadilisha plagi. Nimesafisha kabureta mara mbili. Mafundi watatu wamekula hela yangu.

#2 · Chizi wa Nguru

Naweka kambi hapa. Mwalimu unaandika vizuri, pole na ndala.

#3 · Mpiga Mbizi

Plagi hiyo mkuu. Badilisha plagi.

#4 · Kibua Mkavu

#3 mkuu, nimeandika nimebadilisha plagi.

#5 · Mpiga Mbizi

Badilisha tena. Feki ni nyingi.

#6 · Ngama Kavu

Mwalimu, shikamoo kwanza, maana kazi ya kukwangua rangi kwa chupa si ya kijana.

Nijibu la faiba. Mimi nimejenga vyombo Bagamoyo na baadaye Mafia, mbao na faiba vyote. Boti iliyozaliwa faiba ni kitu kizuri, sina ugomvi nayo. Ila mbao kuukuu kuivisha faiba ni kuifunga maiti sanda mapema. Mbao ya chombo hainyamazi: ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa. Faiba haivimbi wala haisinyai. Miezi sita ya mwanzo utaniona muongo, boti kavu kabisa, unakuja humu kujisifu. Baada ya hapo inaanza kubanduka kwenye mishono, maji yanaingia kati ya mbao na faiba, na yakishaingia hayatoki tena. Ubao unaoza ukiwa umefunikwa, wewe nje unaona rangi tu. Na mbao yako imekunywa sifa (yale mafuta ya maini ya papa) na mafuta mengine miaka mingi, ile gundi ya faiba haishiki kwenye mafuta. Waliofanikiwa ni wale waliofunika mbao mpya, kavu, isiyowahi kupakwa kitu.

Sasa kalafati. Kabla hujagusa mshono niambie, boti imekaa nchi kavu muda gani? Nauliza kwa sababu mbao ikikaa juani mwezi inasinyaa mpaka unaona mwanga upande wa pili. Mgeni akiona hivyo anapagawa, anashika nyundo na kushindilia pamba mpaka igome. Chombo kikirudi majini mbao zinavimba, hazina pa kwenda, zinasukumana mpaka zinang'oa misumari kwenye mataruma. Nimeshaona ubao ukijiinua hivyo usiku mmoja, na mwenye chombo akasema karogwa.

Toa uchafu wote wa zamani kwa ndoano, kanga na mpira wa baiskeli vyote vitoke. Pamba isokote iwe kamba nyembamba, ichovye kwenye mafuta ya nazi au sifa, kisha iingize kwa patasi butu. Patasi kali inakata pamba, halafu unajiuliza kwa nini inatoka vipande vipande. Piga kwa mkono mwepesi na usikilize. Mwanzo sauti ni ya kufa, kama unapiga godoro. Pamba ikikaa mahali pake nyundo inaanza kulia kama umepiga mti. Ikilia, acha, sogea mbele. Wengi wanaharibu hapo kwa kuongeza pigo moja la kujiridhisha.

Juu yake paka deheni, chokaa na mafuta yaliyopondwa pamoja mpaka yashikane kama unga wa chapati. Halafu kishushe majini palepale ufukweni, kizame nusu, ukiache siku mbili bila kukifua. Siku ya tatu fua, uone kinachovuja kweli. Usihukumu chombo siku ya kwanza.

#7 · Kibua Mkavu

#6 marahaba, ahsante sana mzee wangu. Imekaa juu wiki tano sasa. Kwa hiyo ningeshindilia, ningejimaliza.

Sifa siku hizi tunapata kwa tabu, na mke wangu amesema ikiingia uani analala kwao. Mafuta ya nazi yanatosha?

#8 · Ngama Kavu

Yanatosha. Sifa inadumu zaidi, ila ndoa nayo tunaijali.

#9 · Mvanga wa Vanga

Salaam kutoka huku mpakani, upande wa Kenya. Mwalimu, sijaona ukitaja misumari. Yale maduara meusi uliyoyaona ni msumari wa chuma uliokufa. Kutu inatafuna mti pande zote, ukigonga msumari mpya palepale hauna cha kushika. Usiurudishe kwenye tundu lile lile. Ziba kwa kijiti cha mti mgumu, kisha toboa pembeni. Na tumia iliyopakwa zinki kwa kuchovywa, si ile ya kung'aa ya dukani ambayo mvua mbili tu imeshakuwa nyekundu. Mtu akikwambia changanya, hapa shaba hapa chuma kwa sababu ndiyo iliyopo, mkatae. Maji ya chumvi yakikutanisha hivyo viwili, chuma ndicho kinacholiwa.

Mataruma mapya umetumia mti gani? Hapa kwetu wazee wanapenda mlilana, unaupata tayari umepinda wenyewe.

#10 · Kibua Mkavu

Mlilana ni mkoko, na hapa kukata mikoko bila kibali ni kesi, na mimi ni mwalimu, sitaki kuonekana mahakamani na wanafunzi wangu. Fundi alipata vipande vya mvule vilivyobaki kwenye jahazi lililovunjwa. Alivichagua kwa kufuata mkunjo wa mti wenyewe, hakukata mkunjo kwa msumeno. Nilidhani anapoteza muda, siku nzima anageuza vijiti tu. Baadaye akanionyesha taruma la zamani lililopasuka: lilikatwa kwa msumeno, nyuzi za mti zinakatiza mkunjo, limepasuka palepale nyuzi zilipoishia.

#11 · Binti Sahare

Mwalimu hongera. Mimi nina boti mbili Tanga, sizitumii mwenyewe, nina manahodha. Nitaongea la hela kwa ufupi kwa sababu watu watauliza tu.

Huku tunatoa kwanza gharama za safari, yaani mafuta, barafu, chambo na chakula, kinachobaki nusu ya chombo na nusu ya mabaharia. Sasa wenye vyombo wapya wanaila ile nusu ya chombo kama mshahara. Hiyo si yako, ni ya boti. Ndani yake kuna ubao wa mwakani, nyavu, na mashine itakayokufa siku moja. Mimi nina daftari la kila boti na kibubu chake. Mashine inapoharibika sikopi kwa mtu.

Jingine, hizo kazi za juu ufanye sasa, kusi hii. Mwezi wa sita na wa saba bahari ya nje haikupi siku nyingi za kutoka, na mafundi hawana kazi nyingi. Ukingoja kaskazi ianze, samaki wapo, maji yametulia, wewe boti yako iko juu ya magogo unapiga misumari. Nimeshafanya ujinga huo.

Mashine waachie wanaojua.

#12 · Koili ya Saba

Nimefika. Mashine ndiyo kazi yangu, niko Kilindoni, Mafia, nakarabati hizi za kupachika. #5 usimchoshe mwalimu na plagi.

Mashine inayozima baada ya dakika kumi na kuwaka tena ikipumzika ina njia mbili tu: ama imekosa moto ikipata joto, au imekosa mafuta. Mafundi wengi wanafungua kabureta kwa sababu ndicho kitu wanachokijua, na wewe unalipia wanachokijua. Usifungue chochote. Nenda majini na mtu wa pili na ufanye hivi.

Ikianza tu kukohoa, usisubiri izime, mwenzako ashike ile pampu ya mkono ya kuminya iliyo kwenye mpira wa mafuta, aiminye haraka haraka. Mashine ikifufuka, tatizo ni mafuta, moto mwachie. Isipofufuka, izime, chomoa plagi moja upesi ikiwa bado ya moto, irudishe kwenye kofia yake, iguse kwenye chuma cha mashine mbali na tundu la silinda, mwenzako avute kamba. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu, tafadhali, nimeona mtu akiunguza nyusi. Cheche ya bluu inayolia "ta" ni nzima. Ukikosa cheche ikiwa moto na ukaipata ikipoa, koili au kile kisanduku cha umeme cha kuwashia ndiyo imechoka. Ndani kuna waya uliokatika ambao joto linautanua.

Halafu angalia ile pampu ya mkono wakati mashine inakufa. Hii ndiyo siri na hakuna anayeiangalia. Kama imenyonywa, imekuwa bapa kama chapati, basi kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi: kifuniko hakipumui, mpira umeporomoka ndani, au bomba la kunyonyea limeziba. Kama imejaa na ngumu, mafuta yamefika hapo na kizuizi kiko mbele, kwenye chujio, pampu ya mashine au kabureta.

Na nijibu lisiloulizwa: oili unachanganya vipi? Na inatema maji?

#13 · Kibua Mkavu

Oili nafuata kitabu, moja kwa hamsini, dumu la lita 20 naweka mililita 400. Mzee wa Kigombe alikuwa anaweka kwa macho, "mpaka iwe nyekundu". Nanunua oili ya tu-stroki ya pikipiki.

Inatema maji, ila si kwa nguvu, inachuruzika.

#14 · Koili ya Saba

Kipimo ni sawa, oili si yake. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, inayochemka zaidi. Yako inapozwa na bahari, haifikii joto lile, kwa hiyo oili hiyo haiungui vizuri, inaacha masizi kwenye pistoni na kwenye njia ya moshi. Tafuta chupa iliyoandikwa TC-W3. Ni ghali kidogo, ila ringi ni ghali zaidi.

Kuchuruzika ni dalili. Kwanza choma lile tundu la kutemea maji kwa waya mwembamba, mara nyingi ni chumvi au mchanga umekaa mlangoni. Kama bado, shusha mguu wa mashine, badilisha impela. Ni kijigurudumu cha mpira chenye mapezi. Mapezi yakikaa yamepinda upande mmoja hayarudi, na kila ukivuta boti juu ya mchanga mashine ikiwa inazunguka unayapiga msasa. Ukikuta pezi limekatika, litafute. Halijapotea, limepanda na maji na limekwama juu kwenye njia, litakuchemshia mashine mwezi ujao na impela mpya ikiwa ndani.

Na kila ukirudi, pipa la maji baridi, mashine inguruma humo dakika kumi. Chumvi inajenga ndani kama ukoko wa sufuria.

#15 · Mkerewe Halisi

Sisi wa ziwani tunawaonea huruma. Ukerewe mashine yangu haijawahi kuona pipa, maji yenyewe ndiyo baridi. Na vile vipande vya zinki mnavyofunga kwenye mguu wa mashine mimi sijawahi kununua.

#16 · Koili ya Saba

#15 ziwani zinki haifanyi kazi vizuri, huko wanafunga magnesiamu. Baharini zinki inaliwa badala ya mguu, na ndiyo kazi yake. Kuna watu wanaipaka rangi ili "isiharibike". Ukiipaka rangi imekuwa pambo.

#17 · Mvanga wa Vanga

Kaka hapo umenigusa, yangu nimeipaka bluu.

#18 · Kibua Mkavu

Wakuu, mrejesho. Bamvua ya wiki iliyopita tumeimaliza kazi ya chini.

Kwa wasiojua pwani yetu: bamvua ni siku za maji makubwa, yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanapwa kama saa nne asubuhi. Kwa hiyo unaegesha boti juu na maji ya alfajiri, saa mbili mchanga umeshatoka, una muda wa saa nne hivi za kufanya kazi chini yake kwa mwanga wa jua kabla maji hayajarudi kukuuliza unafanya nini. Siku za maji mafu, yaani maji madogo, usijaribu, hayapandi vya kutosha kukuweka juu, na yakikuweka kwa bahati utangoja wiki nzima kutoka.

Kabla ya deheni mzee mmoja wa hapa alituambia tuichome. Nikashtuka. Kumbe ni desturi: anawasha makuti makavu, anayapitisha chini ya boti kwa mti mrefu, haraka, hasimami mahali pamoja. Moto unalamba ubao na kuondoka. Wale wadudu wanaotoboa mbao wanafia ndani ya vitundu vyao. Unasikia kabisa, vinapasuka kama bisi. Majani na makombe yaliyoota yanakauka, unayafuta kwa kifuu. Mkono wa yule mzee haukutetemeka hata kidogo na mimi nilikuwa nimeshika ndoo mbili za maji kama mtoto wa zimamoto.

Pamba imeingia, nilisikiliza sauti kama alivyosema Ngama Kavu. Sehemu tatu nilipiga pigo la kujiridhisha, nikajuta, nikatoa na kuanza upya. Tukaizamisha siku mbili. Leo asubuhi tumefua, na mpaka naandika saa mbili usiku ina maji ya kikombe kimoja pale karibu na mkuku. Sijawahi kufurahia kikombe cha maji hivi.

Mashine kesho.

#19 · Ngama Kavu

Kikombe ni halali. Chombo cha mbao kisichoingiza hata tone, mimi nakiogopa.

#20 · Kibua Mkavu

Koili ya Saba, nimefanya kama ulivyoagiza, niko na kijana wangu. Dakika ya kumi na mbili ikaanza kukohoa. Akaminya: ilijaribu kufufuka mara moja ikafa. Nikatazama pampu ya mkono, BAPA. Kama chapati kweli. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi iko wazi, nilihakikisha kabla ya kutoka. Nikafungua kifuniko kizima, nikawasha, ikaenda dakika kumi ikafa tena, bapa tena.

#21 · Koili ya Saba

Basi si hewa. Ni mpira au bomba la ndani ya tangi. Mpira mkuukuu ngozi ya ndani inabanduka, ukinyonywa inajifunga kama mlango, nje unauona mzima. Badilisha mpira kwanza, ni hela kidogo. Ikiendelea, mwaga tangi lote kwenye ndoo nyeupe, kupitia kitambaa, na uangalie kinachotoka.

#22 · Mpiga Mbizi

Mimi bado nasema plagi.

#23 · Binti Sahare

😂 Huyu tumpe mashine yake.

Mwalimu wakati unangoja mpira, karatasi zako ziko sawa? Bara unahitaji cheti cha ukaguzi cha TASAC (shirika la serikali la mambo ya meli) na leseni ya uvuvi ya halmashauri, na hapo Kigombe uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009, kwa hiyo waulize watu wa hifadhi na BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) wapi jarife zako haziruhusiwi. Silikanti, wale samaki wa kale, wananaswa na jarife zinazotegwa kwenye kina, ndiyo maana wanazifuatilia. Na maboya ya kuvaa yawe kwa idadi ya watu, yavaliwe, yasiwe mto wa kulalia omoni.

#24 · Kibua Mkavu

Dada, leseni ninayo, ukaguzi umepangwa. Walichosisitiza ni maboya na kifaa cha kuzimia moto. Jarife za mzee nimeziacha uani, kuku wanazitagia.

#25 · Kibua Mkavu

Wakuu. WAKUU.

Mpira mpya haukusaidia. Jana jioni nikamwaga tangi kwenye ndoo nyeupe ya mama watoto (bila ruhusa). Kitambaani pakabaki mchanga kiganja, kutu kidogo, na kitu kimoja kinachong'aa, mviringo, kama kucha ya kidole gumba. Nikakishika. Gamba la samaki.

Bomba la kunyonyea ndani ya tangi lilitakiwa kuwa na kichujio mdomoni. Hakipo, kimekatwa kwa kisu, unaona mkato kabisa. Nadhani kiliziba siku moja wakiwa baharini na mtu akakimaliza hapo hapo. Kwa hiyo gamba linaelea humo, mashine ikinyonya muda fulani linavutwa taratibu mpaka linafika mdomoni na kujibandika, mafuta yanakatika, mashine inakufa. Ukizima hakuna kinachovuta, gamba linadondoka. Unawasha tena, nzima kabisa. Mafundi watatu, kabureta mara mbili, plagi mbili (#22 samahani), na gamba linacheka tu humo ndani.

Leo nimeweka kichujio kipya, nimekwenda saa moja na nusu bila kukohoa. Nimepima na mafuta: ukiifungulia moto wote inakula lita tano na ushee kwa saa, kwa hiyo sasa najua tangi langu linanifikisha wapi. Theluthi kwenda, theluthi kurudi, theluthi siigusi.

#26 · Koili ya Saba

Hahaha! Nilikwisha kuta nyuzi za nyavu, kipande cha sigara, hata mende. Gamba sijakuta.

Linaingia wakati wa kujaza baharini, faneli imelala ngamani na samaki. Faneli ifungie kwenye mfuko wake.

Kabla hujaenda mbali, fungua skrubu ya chini ya oili ya gia, toa tone uangalie rangi. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia.

#27 · Kibua Mkavu

Nimefungua sasa hivi kwa tochi. Chai ya maziwa. 😩

#28 · Koili ya Saba

Toa rafadha, au propela kama mnavyoiita vijana. Nyuma yake kwenye shafti utakuta mshipi umejisokota. Ukiuona ni mwingi, usishangae. Nailoni inakata sili, ule mpira unaozuia maji kuingia, kama wembe. Badilisha sili, jaza oili mpya kutokea tundu la CHINI mpaka itokeze la juu, funga la juu kwanza ndipo utoe pampu chini. Ukijaza kutokea juu unafungia hewa ndani.

#29 · Kibua Mkavu

Nimetoa rafadha. Nimevuta mshipi, nimeupima kwa pima za mkono: pima saba, na ndoana yake.

#30 · Chizi wa Nguru

Ndoana namba ngapi?

#31 · Kibua Mkavu

Namba nane. Bado kali.